Shemeji Ubwa na kitabu chake cha mauaji

Mwanakheir, mtaa mzima huu hakuna anayemaliza kitabu upesi kama mie. Haya, kweli nasoma mwisho tu, kwengine kote naruka.

Leo nimefanya jambo baya, shoga yangu.

Unamjua shemeji Ubwa, tangu astaafu kila siku yuko mahakamani kusikiliza kesi za watu. Kitabu hakushika tangu alipotoka skuli. Basi mjukuu wangu Riyama, yule mwalimu, akamtafutia riwaya ya mauaji. Mwezi mzima anasoma barazani, midomo inamcheza, hata kahawa inampoa. Riyama kafurahi mpaka kalia.

Mie leo nimepita nkamwambia, "Muuaji ni fundi cherehani."

Nlikuwa natania tu. Akavua miwani. Akasema taratibu, "Basi Bi Mize, kesi imekwisha." Akakifunga.

Miaka sabini na tatu, kitabu chake cha kwanza tangu skuli, na aliyekifunga ni mie. Hata hakunigombeza, ndiyo maana roho inanisuta zaidi.

Nkamwambia haraka haraka, "Shemeji, nimekudanganya. Kitabu chako sijakigusa hata siku moja, ntajuaje nani kaua?"

Akanitazama kama hakimu. Akavaa miwani tena, nami nkashukuru moyoni, nkajua anaendelea alipofika.

Kumbe anafungua ukurasa wa mwisho.

"Na hii alama ya dole lenye bizari, Bi Mize, ni ya nani?"