Kikao cha Njaa

Ofisi ya Umoja wa Vijiji Vitatu, mjini
6 Machi 2003

Baba mpendwa,

Assalamu alaikum. Natumai wewe na mama hamjambo, na goti lako limepoa kidogo theluji ilivyoanza kuyeyuka. Mimi mzima, ila mikate ya mjini haishibishi na kila jioni namkumbuka mama.

Baba, bado siamini. Ulikuwepo Imzilen juzi na ulishuhudia mwenyewe, lakini lazima niyaseme kwa mtu. Vijiji vitatu ambavyo havijawahi kuelewana hata siku ya kusafisha mfereji vimekubali kwa kauli moja kwamba ghala la baridi la matufaha lijengwe Imzilen! Mzee Assu, mwenyeji wetu, alipendekeza, Bi Tuda wa Tagunt akaitikia, na wewe uliyekuja kuitetea Ighil ukanyoosha mkono. Nilitaka kulia. Mkubwa wangu, Bwana Lahsen, alikuwa ameniambia wazi: tusipokubaliana kabla ya mwisho wa Juni, fedha za ghala zinahamia bonde jingine, na mimi nahamishiwa pwani. Sasa tumepona. Mwaka kesho hakuna tena kuwauzia walanguzi matufaha yakiwa bado mtini.

Nisalimie mama sana.

Mwanao,
Itto

Ighil
13 Machi 2003

Binti yangu Itto,

Waalaikum salaam. Sisi hatujambo. Goti bado linalalamika, nami nimeshazoea kutolisikiliza. Mama yako anakusalimu na kukutumia siagi kwa dereva wa lori la gulioni. Usimpe Bwana Lahsen yote.

Sasa kaa chini, mama. Hakuna aliyekubali chochote.

Uliitisha kikao nyumbani kwa Assu. Akachinja. Ukangoja sinia lifike katikati yetu, kila mtu ana mkate mkononi, ndipo ukauliza nani anakubali. Ulitaka niseme nini? Nilikuwa nimeshika paja la kondoo wake! Tangu lini mtu akala cha mwenzake na kumpinga hapohapo mbele ya sinia? Tulipofika kwenye kona ya njia Tuda akaniuliza kama ni kweli ninalitaka ghala Imzilen. Nikamwambia hata kwa dawa. Akasema hata yeye. Tukacheka mpaka nyumbu wake wa mizigo akasimama kututazama.

Wewe umezaliwa hapa, umekula masinia mangapi? Au chuo kimekuondolea na tumbo?

Baba yako,
Bassu

Mjini
24 Aprili 2003

Baba mpendwa,

Salaam nyingi kwako na kwa mama. Mimi mzima wa mwili, lakini moyo hauko sawa.

Nilijiona mjinga wiki nzima baada ya barua yako. Ndiyo maana safari hii niliwaita ninyi watatu hapa ofisini, pasipo na mwenyeji. Nikatandika ramani, nikaonyesha mahali ambapo Bwana Lahsen anapapenda, hapa mjini nyuma ya stendi. Mkakubali wote! Assu akasifu hata rangi za ramani. Bwana Lahsen alifurahi mno, akaanza kuniita mtaalamu mbele ya watu.

Leo dereva wa lori ananiambia vijiji vyote vitatu vinasema havitapeleka hata tufaha moja mjini. Baba, hapakuwa na sinia! Nimekosea wapi tena? Miezi miwili imebaki, na pwani sina mtu.

Mwanao,
Itto

Ighil
1 Mei 2003

Binti yangu,

Tumepokea barua yako tukiwa wazima. Mama yako aliisoma kwanza, akacheka, kisha akaacha kucheka, akaniambia mtoto ana hofu, mjibu vizuri.

Chai ile ilikuwa ya nani? Na biskuti zile zenye tende? Na kuskusi uliyoleta adhuhuri, ambayo kusema kweli ilikuwa na chumvi nyingi? Ulikuwa mwenyeji wewe, Itto. Wazee watatu tungemwaibisha vipi binti kwenye ofisi yake?

Sikiliza. Malisho ya juu yanafunguliwa mwishoni mwa mwezi huu. Siku ile vijiji vyote vitatu vinapanda na mifugo, na kule hakuna nyumba ya mtu. Tutakaa pale mimi, Assu na Tuda. Wewe usije. Ukija utakuwa mgeni wetu, tutagombania nani akulishe, na kazi itaishia hapo. Usitume hata sukari.

Nawe ujue, safari hii naenda kuidai Ighil kweli. Nimewaahidi watu wangu.

Baba yako,
Bassu

Mjini
12 Juni 2003

Baba,

Salaam. Hamjambo? Malisho yamefunguliwa tangu mwisho wa mwezi uliopita, na lori limekuja Alhamisi mbili bila barua yako. Dereva anasema amekuona gulioni, na alipoanza kukusogelea ukakimbilia upande wa wauza kuku. Bwana Lahsen ameshaniuliza kama pwani nitaweza kuvumilia unyevu.

Kama mmeshindwa, niambie tu. Sitakasirika.

Itto

Ighil
19 Juni 2003

Binti yangu mpendwa,

Waalaikum salaam. Sisi wazima, na ni kweli nilimkimbia dereva. Soma mpaka mwisho ndipo unihukumu.

Tulikaa kwenye mawe tangu asubuhi. Kila mmoja alikuwa na kifurushi cha chakula, na hakuna aliyethubutu kukifungua, maana ukifungua lazima ugawe, na ukigawa umekuwa mwenyeji na wenzako watakukubalia tu. Basi tukagombana huku tuna njaa. Assu akasema Imzilen ina miti mingi kuliko wote. Mimi nikasema Ighil ina uwanja mpana wa bure. Tuda akanuna kwanza. Halafu akauliza kitu kimoja: matufaha tunayaweka kwenye baridi ili tuyauze lini?

Tukahesabu miezi kwa vidole. Yanauzwa katikati ya baridi, bei ikipanda. Na wakati huo njia ya lori ya Ighil imezikwa na theluji, na ya Imzilen pia. Inayopitika ni ya Tagunt peke yake, pale darajani.

Assu alinitazama, nami nikamtazama. Tumbo langu lilikuwa linanguruma mpaka mbuzi wanasikia. Nikasema mimi kwanza, "Lijengwe Tagunt." Assu akasema naye haoni pengine. Hapo Tuda akafungua kifurushi chake, na wallahi sijawahi kula mkate mtamu kama ule. Tumeweka dole gumba wote watatu, karatasi iko ndani ya bahasha hii.

Sasa sababu ya kumkimbia dereva. Niliona haya, Itto. Si kwa ajili ya watu wangu, hao wamenisema wiki moja wakachoka. Niliona haya kwako. Ghala nililitaka Ighil ili kazi yako ikulete nyumbani. Hilo sikulisema pale juu, wala kwa mama yako, ingawa yeye analijua. Sasa umepata ghala lako na mimi nimebaki na chumba chako kitupu.

Lakini kuna hili. Mwambie Bwana Lahsen, kabla ya kujenga, aje kwetu ale. Mama yako ameshachagua kondoo. Nina jambo dogo la kumwomba, nalo si la kuombwa barabarani.

Baba yako,
Bassu

Mjini
30 Juni 2003

Baba yangu, mama yangu,

Assalamu alaikum. Nawaandikia nimesimama, lori jingine linawasha injini.

Bwana Lahsen amerudi leo kutoka kwenu. Ameweka mkoba mezani, amelegeza mkanda, ameketi. Kisha akaniambia, "Itto, utakuwa msimamizi wa ghala la Tagunt, na utakaa kwa wazazi wako. Nilikwenda nimejiandaa kukataa ombi lolote. Sijui baba yako aliniuliza wakati gani."

Nikamuuliza mkononi alikuwa ameshika nini. Akafikiri. Akasema paja.

Nakuja Alhamisi. Nitandikieni.

Mwanenu,
Itto