Mikono ya Brantley Koonce

Jumatatu, 6 Februari

Theluji tangu alfajiri, na upepo wa Kansas kama tabia yake — haujui kutulia. Pruitt, kocha mkuu wa timu yetu ya chuo ya mpira wa Kimarekani, kaniita ofisini. Anataka tathmini ya safu yangu ya ushambulizi kabla ya mazoezi ya Machi. Bila kupaka rangi, kasema. Nimemwambia mimi kupaka rangi sijui, hata uzio wa nyumbani aliupaka mke wangu.

Msimu uliopita tulifungwa mechi nyingi kuliko tulizoshinda. Kila mtu hapa Marlow Creek ana sababu zake. Mimi nina video. Nimeanza leo: natazama mchezo, narudisha nyuma, natazama tena. Ukuta wetu uko imara. Wale wanene watano wa mbele wanabaki wote, na wanasukuma watu kama trekta. Mkimbiaji tunaye. Wapokeaji, wale wa kudaka mipira inayorushwa, wana mbio, ila mpira ukienda kwenye msongamano wanaogopa mbavu zao.

Hii si timu mbovu. Nalala na moyo mweupe.

Alhamisi, 9 Februari

Mpira unachelewa. Ndiyo shida yote.

Brantley Koonce, mrushaji wetu. Kila mpira unapitia kwake: ampe mkimbiaji, au aurushe mbele kwa mwenzake aliyechomoka. Macho yake ni ya ajabu. Anamwona mwenzake mapema kuliko mimi niliyekaa na video. Halafu anarusha — na mpira unaelea. Ukitua, beki keshafika.

Na kijana ni wa hapahapa. Picha yake iko dirishani kwa kinyozi, iko kwenye duka la mbegu, iko kwenye mkahawa wa Delphine, mama yake, ambako makocha wote tunakula. Leo kaniwekea chili, mchuzi wa nyama na maharage, na mkate wa mdalasini, nikala huku mwanawe ananitazama kutoka ukutani.

Wazee wa meza ya dirishani hawakuniacha. Orval, mkulima wa ngano, kataka kujua kama mwaka huu tutapewa ruhusa ya kuvuka nusu ya uwanja. Nikamwambia aje Septemba na koti la mvua, alama zitanyesha. Wakacheka. Delphine akanijazia kahawa, wala hakucheka.

Ijumaa, 17 Februari

Nimeipata! Niko peke yangu chumba cha video na nimepiga meza mpaka soda ikamwagika.

Mechi ya mwisho, dakika za mwisho, tumeshafungwa hatuna cha kupoteza. Tukafanya hila: mkimbiaji akarusha, Brantley akatoka mbio kupokea. Nilikuwa nimesahau kabisa. Mabeki watatu juu yake. Akajua kila mmoja ataenda wapi — maana miaka yote amekuwa akiwasoma kutoka nyuma — akajipenyeza katikati, akaruka, akaudaka kwa ncha za vidole. Akaanguka nao. Hakuuachia.

Huyu si mrushaji. Huyu ni mpokeaji aliyewekwa mahali pasipo pake, na sisi ndio tuliomweka.

Na nyuma yake tunaye Valdo Treviño, mrushaji wa akiba, yule wa kusini mwa Texas, msimu mzima kakaa benchi akitafuna ubani. Ana mkono kama kombeo.

Nimemweleza mke wangu Lorna wakati wa chakula. Kasikiliza vizuri, kisha kasema itabidi nitafute pa kula kifungua kinywa, si kwa Delphine tena.

Jumanne, 28 Februari

Nimempa Pruitt tathmini yangu. Kasoma, kaitazama ile video, kaomba airudie. Halafu kavua miwani. Kauliza kama nina hakika. Nina hakika. Kauliza kama niko tayari kukaa na hakika hiyo mji mzima ukinigeukia. Nikasema mimi nimeishi hapa muda mrefu, nimegeukiwa kwa mambo madogo kuliko hayo.

"Sawa, Hollis," kasema. "Lakini mtoto anaambiwa na wewe. Si mimi, si gazeti. Na usimwambie mpaka uwe umemwona Valdo kwa macho yako."

Haki kabisa.

Alhamisi, 16 Machi

Mazoezi. Baridi inauma masikio. Nimewapa Brantley na Valdo nafasi sawa ya kurusha.

Valdo anakosea. Anasahau mchezo, anaelekea kushoto wenzake wote wako kulia, na anajicheka mwenyewe. Lakini akirusha! Mpira unatoka ukivuma na unafika mtu akiwa bado peke yake. Wale wanene watano wamegeuka kutazama, na hao huwa hawageuki kwa lolote isipokuwa chakula.

Brantley pia alitazama. Alikuwa na helmeti mkononi. Sijui alifikiri nini.

Jumatatu, 3 Aprili

Nimemwambia.

Nilimwita chumba cha video, nikamwonyesha ile hila. Akatabasamu, akasema siku ile alifurahi. Nikamwambia nataka afurahi hivyo kila Jumamosi. Tabasamu likaondoka taratibu. Ni mwepesi wa kuelewa, huo ndio uzuri wake.

"Ni mkono wangu, Kocha?"

"Mkono wako wa kurusha ni wa kawaida, mwanangu. Mikono yako ya kudaka sijaona mfano wake."

 Kisha akasema tangu yuko darasa la kwanza mji huu unamwita mrushaji. Hata mchungaji akimwombea kanisani huombea bega lake. Sasa atakuwa nani?

Nikamwambia atakuwa mtu anayemaliza kile Valdo anachoanza. Nilifikiri ni maneno mazuri. Yalipotoka hayakuwa mazuri sana.

Kanishukuru, kanishika mkono, katoka. Angenitukana ningelala vizuri zaidi.

Jumanne, 4 Aprili

Hakuja mazoezini. Valdo kauliza yuko wapi. Nikasema ana mafua.

Alhamisi, 6 Aprili

Nimeenda mkahawani. Sikutaka ionekane nakimbia. Orval na wenzake wakanyamaza nilipoingia — wanajua. Delphine akaniletea sahani mwenyewe, akavuta kiti, akakaa. Hajawahi kukaa wakati wa kazi.

Akasema mume wake alipofariki, huyu mtoto alikuwa analia usiku, na mchana anarusha mpira kwenye tairi lililoning'inizwa nyuma ya nyumba mpaka giza. Yeye ndiye aliyemwambia kwamba hakuna mtu atakayemwondoa kwenye nafasi ile. Sasa mtoto anamuuliza mbona alimdanganya.



"Niambie kitu kimoja, Hollis. Umekosea?"

"Hapana, Delphine."

"Ungekuwa na shaka ningeona?"

"Ungeona."

 Kisha akasogeza sahani. "Basi kula, mayai yanapoa."

Alipokuwa anainuka ndipo aliponiambia lililobaki. Kuna kocha wa chuo kimoja kikubwa cha huko kusini amempigia Brantley simu. Anamtaka. Kama mrushaji. Dirisha la uhamisho likifunguliwa anaweza kwenda.

Jumamosi, 15 Aprili

Dirisha limefunguliwa leo. Pruitt kila saa anatazama simu. Mimi nimeacha yangu garini.

Brantley alirudi mazoezini wiki hii. Haongei nami zaidi ya ndiyo Kocha, hapana Kocha. Ila leo, wakati wa kunywa maji, nimemwona kamshika Valdo bega na kumwelekeza kwa kidole: yule beki akiinama hivi, anakuja, akisimama wima, anakudanganya. Valdo anaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi wa shule ya Jumapili. Baada ya hapo Valdo hakukosea hata mara moja.

Pruitt kanong'ona kwamba mtu anayeondoka haachi maarifa yake nyuma. Nikasema mtu muungwana anaacha. Kwa hiyo bado hatujui kitu.

Lakini ushambulizi huu — nauandika bila aibu — utaogopwa. Hata asipobaki tutafunga. Akibaki, sijui nani atatuzuia.

Ijumaa, 21 Aprili

Kesho ni mechi ya majira ya kuchipua, sisi kwa sisi, mji mzima utakuja. Mchana nilimpelekea Pruitt kikosi. Nimemwandika Brantley mpokeaji wa kwanza, upande wa kulia. Pruitt kauliza kama kijana amekubali. Hajakubali. Hajakataa. Kauliza tena, mbona basi nimemwandika? Nikasema pale ndipo mahali pake, awepo asiwepo.

Jioni hii, jua bado liko juu ya maghala ya nafaka, nasikia gari uani. Gari la Brantley. Nyuma limejaa masanduku na matandiko. Lorna kaniangalia.

Nimetoka mpaka barazani. Kasimama kwenye nyasi. Kasema kile chuo cha kusini kinataka jibu leo, na amebeba vitu vyake ili, likiwa jibu la kwenda, asirudi nyumbani kumwona mama yake analia. Nikamuuliza jibu lenyewe ni lipi. Kasema hajui. Kaniomba nimrushie mpira. Mipira michache tu, ya nguvu, asiwe na muda wa kufikiri.

Bega langu ni bovu tangu ujana. Nimeingia ndani kutafuta mpira, naandika haya nimesimama mbele ya kabati, Lorna anachungulia dirishani.

Anasema kijana amevaa glavu. Glavu za wapokeaji, zile za kunata. Mpya. Bado anaing'oa karatasi ya bei kwa meno.

Nimeupata mpira. Umepungua upepo kidogo. Naujaza, natoka kumrushia.