Gramu Mia Tisa

Omakau
Jumapili, 14 Septemba

Kwa shemeji yangu Struan,

Salamu zangu zikufikie wewe na Shona, na natumaini zitawakuta na afya, au angalau mmekula kitu leo. Sisi hapa tunapumua. Effie ametimiza miezi kumi, ana meno manne, na anasimama kwa kushika miguu ya viti kama mlevi anayetafuta mlango. Usiku bado halali vizuri, kwa hiyo na mimi silali. Mama yako, Mama Jessie, huja kila Jumatano na mikate yake ya jibini. Ananikalia mbele mpaka nimalize, kisha anafua hata nguo zilizo safi. Anakusalimu. Anasema hupokei simu zake tangu mwezi wa saba. Zangu pia hupokei, ndiyo maana nimeshika kalamu. Unajua mimi si mtu wa kuandika, shule niliiacha katikati nikaenda kukata matawi ya mizabibu, basi nivumilie nikipinda kona vibaya.

Barua hii inakuja na kifurushi. Tafadhali usikifungue kabla hujamaliza kusoma.

Alhamisi Shona alikuja hapa peke yake. Aliniambia duka limefungwa tangu mwezi wa sita na kwamba umekibandua hata kile kibao cha mlangoni. Alisema unashinda gereji na ile mizani ya dukani, unapima jiko, unapima vigingi vya hema, unapima kamba, unaviweka chini, unaanza upya. Alijaribu kucheka. Alisema, "Ailsa, niliolewa na mtu, sasa naishi na mizani." Halafu akalia kwenye taulo la Effie. Alisema umeshapata mtu wa kununua bidhaa zote, na mwezi ujao unakwenda Australia kufanya kazi migodini, chini ya ardhi, mahali ambapo hakuna mtu atakayekuuliza alale ndani ya nini. Nilimpikia chai nikamwambia atulie. Sikumwambia chochote kingine. Tangu Alhamisi nimekuwa nikiandika barua hii na kuichana.

Nataka kwanza nikukumbushe ile Jumamosi ya mwezi wa tatu dukani kwako, maana naona umeikumbuka vibaya. Mimi nilikuwepo. Nilikaa kwenye kile kiti cha kukunja kilichokuwa cha maonyesho, namnyonyesha Effie, na ninyi wawili mlikuwa mmepiga magoti sakafuni na vitu vyote vya safari ya baiskeli ya mdogo wako Euan kati yenu, kama watoto wenye treni. Ulipima kimoja kimoja. Sufuria ya pili uliitupa kando. Suruali ya jinzi uliitupa, ukasema jinzi ni nguo ya kanisani, ikilowa inakuwa saruji. Euan alikuonyesha kwa fahari kwamba ameukata mpini wa mswaki wake kupunguza uzito, ukamuuliza kama kucha za miguu nazo amekata, maana zile ni mzigo. Akakujibu kwamba akili zake aliziacha nyumbani miaka mingi iliyopita, hapo ameokoa kilo nzima. Nilikuwa nimechoka sana siku ile, lakini hilo nililicheka.

Ndipo mkafika kwenye mfuko wa kulalia. Ulimtolea miwili. Mmoja wa nyuzi, kilo moja na nusu, mnene kama kondoo, lakini hata ukilowa unatia joto. Wa pili wa manyoya ya bata, wa buluu, gramu mia tisa, unakunjika ukawa kama mkate, ila haufai kulowa. Mzee Dougal alikuwa ameingia kununua kamba, na kama kawaida yake hakuweza kupita bila kutia chumvi. Alisema, "Bata halowi kwa sababu yumo ndani ya manyoya yake. Ukishamtoa humo, ni supu." Mlibishana robo saa nzima. Wewe ulipima pande zote mbili, njia ina mwinuko mkali, baiskeli ikizidi uzito mtu anachoka, na mtu aliyechoka ndiye anayepata baridi. Ukachagua wa manyoya. Ukampa na mfuko wa plastiki nzito wa kuutia ndani, ukamfungisha mdomo wake mara tatu mbele yako mpaka ukaridhika. Ukamwambia, "Huu ukiwa mkavu, theluji ikulalie usiku kucha utaamka unalalamika joto." Kile kifaa cha kuita msaada ulimfungia begani kwa mikono yako mwenyewe. Nilikuona ukikivuta mara mbili kuhakikisha hakichomoki.

Struan, ulichagua vizuri. Kumbuka kwamba nimeandika hivyo kabla ya mengine yote.

Yaliyofuata unayajua, ila nayapanga kwa sababu kichwani mwangu yamekuwa yakizunguka bila mwanzo. Alikusudia siku sita kwenye milima ya Hawkdun, kupanda kwa njia ya zamani ya wachunga kondoo na kurudi kwa barabara ya bondeni. Siku ya pili jioni alifika kwenye kibanda cha mabati na akalala humo. Asubuhi hakuendelea na njia yake. Alikatisha juu, kwenye mgongo wa mlima. Mchana wingu likashuka na theluji ikaja mapema kuliko mtu yeyote alivyotegemea. Akapiga hema. Hema ikalowa, mfuko ukalowa. Alfajiri alibonyeza kile kifaa, na kikaita kama kilivyotakiwa, lakini helikopta haikuona mlima siku ile wala usiku wake. Ilifika kesho yake saa sita mchana. Rewi, askari wetu, alikuja mwenyewe kuniambia. Alivua kofia mlangoni, na mimi nikamuomba aongee polepole kwa sababu Effie ndiyo kwanza alikuwa amelala.

Mwezi wa tano Rewi aliniletea picha ya ukurasa wa daftari la kibandani, pale kila mpitaji anapoandika jina na anakoelekea. Maneno yale sasa mji mzima unayajua. Aliandika: "Mfuko niliobeba si wenyewe. Kosa langu. Nimelala na sweta ya mke wangu. Kesho nakatisha juu, nifike nyumbani mapema."

Na mji ukasoma unavyotaka. Nimewasikia kwenye foleni ya kununua maziwa. Wanasema unaona, hata marehemu mwenyewe aliandika kwamba mfuko ulikuwa si wenyewe. Wanasema alipoandika kosa langu alikuwa anamficha kaka yake, maana Euan alikuwa na moyo huo. Dougal amerudia ile hadithi ya supu mpaka imekuwa kama shahidi mahakamani. Na wewe umewaamini. Wewe uliyejua ulichompa, umesoma "si wenyewe" ukaelewa kwamba anakwambia ungempa ule wa nyuzi.

Ni kweli alikuwa anamficha mtu. Alikuwa ananificha mimi.

Hapa ndipo nilipokuwa naichana barua. Leo sitaichana.

Unakumbuka Effie alivyokuwa wakati ule. Miezi minne, tumbo linamsokota, analia kuanzia saa kumi jioni mpaka sauti inakauka. Wote mlisema itapita, na mimi nikasema ndiyo, itapita. Sikumwambia mtu kwamba kulikuwa na siku nilimlaza kitandani kwake, nikatoka, nikafunga mlango, nikakaa kwenye ngazi ya nyuma huku nimekalia mikono yangu, kwa sababu nilikuwa siiamini. Euan aliponiuliza kama nitaweza siku sita, nilimwambia nenda. Aliniuliza tena siku mbili baadaye, nikamwambia nenda bwana, umejipanga mwaka mzima, utanisumbua bure hapa. Nilitaka aone mwenyewe. Nilikasirika kwamba haoni. Mtu akikwambia nenda mara mbili ataonaje?

Siku moja kabla ya kuondoka, saa tisa mchana, alikwenda kwako kutia mafuta mnyororo wa baiskeli. Mizigo yake ilikuwa imepangwa ukutani. Nilifungua ile plastiki nzito, nikautoa mfuko wako. Kabatini tulikuwa na ule mwingine wa manyoya, wa buluu vilevile, mwembamba, wa majira ya joto, tuliokuwa tukilalia mtoni wakati wa Krismasi. Nikauingiza huo. Ulikuwa mdogo, ukaacha nafasi, na nikajua akishika atagundua. Basi nikavua sweta yangu ya kijani niliyokuwa nimevaa nikaijaza humo. Nikafunga mdomo mara tatu kama ulivyomfundisha. Mfuko wako nikausukuma nyuma ya mablanketi ya Effie.

Sikutaka afe, Struan. Hili naandika ingawa najua hujaniuliza. Nilitaka apate baridi usiku mmoja. Unamjua Euan, alikuwa mtu wa kurudi. Mvua ikinyesha anarudi, samaki wasipokula anarudi, ulimtania miaka yote kwamba yeye hajawahi kumaliza safari ila ya kuja mezani. Nikasema moyoni atatetemeka usiku wa kwanza, atageuza baiskeli, kesho yake jioni yuko mlangoni na nitamkabidhi mtoto, nitalala. Ndiyo yote. Nilitaka kulala.

Usiku wa kwanza haukuwa na baridi, nadhani hata hakuufungua mfuko. Usiku wa pili ndipo alipoufungua akaona kilichomo, na akaelewa. Angekuwa hajaelewa asingeandika sweta. Kwa hiyo hakunisubirisha siku nne zaidi, alikatisha juu kuja kwangu. Ujanja wangu ulifanya kazi, shemeji. Alikuwa anarudi. Walimkuta ameivaa ile sweta, mikono yake imemfika kwenye viwiko, na mshono wa bega umepasuka.

Rewi aliponiletea ukurasa ule aliniuliza maana ya "si wenyewe". Nikamwambia sijui. Mfuko waliomkuta nao upo nyumbani kwangu tangu waliponirudishia vitu vyake. Ripoti ilisema wa manyoya, wa buluu, umelowa, na hakuna aliyeuweka kwenye mizani. Wewe mtu mmoja tu ungeushika ungejua papo hapo, na mimi nilihakikisha huushiki. Ulipokuja kuuomba mwezi wa nne nilikwambia nimeuchoma. Uliniomba radhi. Ulisimama hapo jikoni kwangu ukaniomba radhi mimi, na mimi nikaipokea, nikakukatia keki.

Usije ukaniandikia kwamba hata ule wako ungelowa. Pengine. Nimeishi na pengine hiyo miezi sita, haimlazi mtu. Angekuwa nao angelala vizuri kibandani, asubuhi angefuata njia yake ya chini, na theluji ingemkuta bondeni akinywa chai kwa watu.

Kesho asubuhi nitamchukua Effie kwenye kigari chake niende kwa Rewi nimweleze haya yote, ayaandike upya nitie sahihi. Jumatano nitamwambia Mama Jessie, kabla hajafungua mikate. Sijui kama atakuja tena Jumatano nyingine. Nimefikiria pia kwamba watu watasema mtoto asikae na mimi. Waseme. Sasa hivi naweza kumlaza nikakaa naye chumba kimoja akilia, na mikono yangu imetulia. Hilo nalijua mimi, na atakayekuja kuuliza nitamwambia, lakini mtoto simtoi.

Sikuombi unisamehe. Ukinichukia nitaelewa, na Effie ukimtaka Jumamosi nitamwacha mlangoni kwenu bila kuingia. Ninachokuomba ni kimoja, na nakisema kama mke wa mdogo wako, si kama mtu mwenye haki. Usiuze. Rudisha kibao mlangoni. Majira ya joto yanakuja, vijana watapanda kule juu utake usitake, na nani atawatupia jinzi kando? Dougal?

Sasa fungua kifurushi. Lebo ya dukani bado imening'inia kwenye zipu. Uutoe, uutandaze gereji, uuache upumue kidogo, maana manyoya yamebanwa nyuma ya mablanketi tangu mwezi wa tatu. Ukishavimba, uuweke kwenye mizani. Utakuta gramu mia tisa kamili, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuulalia. Sweta sikuletei. Hiyo nabaki nayo mwenyewe.

Msalimie sana Shona, na lile taulo alilolilia nimelifua. Effie juzi amejifunza kupunga mkono wa kwaheri, ila anampungia hata anayeingia. Amekupungia na wewe, nimemshika mkono karibu na karatasi.

Ni mimi, niliyekuwa na bado ni shemeji yako,

Ailsa