Macho ya Kushoto

Jumatano, 4 Aprili 1979. Jinja

Daktari Irmgard Vollmer ameondoka asubuhi kwenda Mbale. Kliniki ya siku tatu, kasema. Lakini amepakia sanduku zima la vyombo — na picha ya mama yake iliyokuwa ukutani! Kliniki gani ya siku tatu inahitaji picha ya mama?

Nikamuuliza. Akanishika bega: Sista Hajara, Jumamosi niko hapa, wagonjwa ni wako. Wodini nina watu sita wenye bandeji. Redio inasema jeshi letu linashinda kila mahali. Jeshi lenyewe linapita barabarani kuelekea mashariki, magodoro juu ya magari.

Mimi namwamini. Alipokuja hapa kutoka Ujerumani, upande huu wote wa nchi haukuwa na daktari wa macho. Alianzia kwenye meza ya kulia chakula, akimulika kwa taa ya gari. Miaka kumi na tatu nimefanya naye kazi. Nianze kumshuku leo?

Jumapili, 8 Aprili

Hajaja. Aliyekuja ni Gaster, dereva wake, juu ya lori la mkaa. Amemvusha mpakani Malaba. Yuko Kenya! Mbale hawakufika kabisa.

Nimelia chooni, wagonjwa wasinisikie. Watu waliofungwa macho wanasikia kila kitu.

Odongo, askari magereza, kaniuliza: "Sista, daktari narudi lini? Jicho yangu ya kushoto bado."

La kushoto. Hilo ni langu. Mgonjwa mwenye mtoto wa jicho pande zote mbili, Daktari hupasua la kulia, mimi la kushoto. Miaka minne sasa. Alinifundisha kwa macho ya mbuzi, kaka yangu Asadu akiyaleta kwa ndoo kutoka bucha yake ya Mpumudde. Kwenye daftari naandika mimi: mpasuaji, Dkt. I. Vollmer. Mkono wangu, jina lake. Ni mambo ya ofisi tu, alisema. Wewe na mimi tunajua.

Ijumaa, 13 Aprili

Kampala imeanguka juzi. Odongo ni mtu wa kaskazini, watu watamhesabu na serikali iliyoanguka, lazima akimbie, na hataki kukimbia na jicho moja. Nimempasua leo kwa kisu cha zamani alichokiacha Daktari. Kwenye daftari nimeandika jina langu. Mara ya kwanza. Kalamu ilikuwa nzito kuliko kisu.

Jumapili, 22 Aprili

Watanzania wameingia, wamepitia darajani. Mizinga tangu alfajiri. Madirisha ya wodi yamevunjika yote. Bi Namukose wa Nalufenya nilimpasua juzi tu! Nimemlaza chini ya kitanda, nikamfunika kwa mwili wangu. Vumbi limeingia kwenye bandeji. Maji ya kuchemsha hakuna.

Jumapili, 29 Aprili

Jicho la Bi Namukose limeoza. Macho kumi na moja nimepasua tangu Daktari aondoke. Kumi yanaona. Hili moja ndilo linaloninyima usingizi.

Jumanne, 5 Februari 1980

Amerudi! Nimemkumbatia nikasahau yote — Malaba, picha ya mama yake, yote. Mtu akiogopa, anaogopa. Sasa atakaa Mbale, amepewa nyumba Nabuyonga. Amenimiminia chai mwenyewe, nusu ikaenda mezani. Uzee, kasema, akacheka. Amekuja na jarida la kwao lenye habari za maisha yake. Nimemwomba anitafsirie. Kuna mahali limeandika kwamba alibaki na wagonjwa wake hadi risasi ya mwisho.

Wanaandika wao, si yeye. Nilijiambia hivyo.

Jumatano, 12 Machi. Mbale

Kirunda, mtoto wa Bi Namukose, ameshitaki. Ana haki, mama yake amepoteza jicho. Kamati ya madaktari wanne ikaniita. Nikasema kweli: nilifundishwa, nimepasua macho ya kushoto miaka minne. Muulizeni Daktari, huyu hapa.

Wakamuuliza.

"Sikuwahi kumpa kisu," kasema. Hakunitazama. "Alikuwa akinishikia taa."

Wakafungua daftari. Miaka minne ya Dkt. I. Vollmer, Dkt. I. Vollmer — kwa mwandiko wangu mwenyewe! Mwenyekiti akauliza, mwandiko huu ni wa nani? Nikasema wangu. Ningesema nini?

Nimezuiwa kugusa mgonjwa. Nje akanifuata kwenye korido: Hajara, wakijua nilimpa nesi kisu, watafunga kliniki yote, utaelewa. Naelewa. Ndiyo maana inauma hivi.

Alhamisi, 13 Machi

Sina la kuandika. Msaliti mkubwa wee!

Jumamosi, 22 Machi. Jinja

Odongo kaja hadi Mpumudde, miwani yake mizito puani. Alirudi kazini, yuko gereza la Mbale. Anataka kunitolea ushahidi.

"Bwana Odongo, ulifunikwa uso. Uliona nini?"

"Mimi nasikia. Na wafungwa naleta miaka mingi, nakaa mlangoni. Jicho ya kulia, daktari nanyamaza. Jicho ya kushoto, mtu nasema bismillahi. Daktari hasemagi bismillahi."

Nimecheka hadi nikalia. Asadu ameandika yote na Odongo ametia sahihi.

Jumamosi, 5 Aprili

Kamati imejibu kwamba faili imefungwa, labda Daktari mwenyewe abadilishe maneno yake.

Jumamosi, 12 Aprili. Mbale, Nabuyonga

Jana Gaster kaniletea ujumbe: Daktari anakuomba, njoo na vyombo. Nimekuja. Kwa nini nimekuja?

Amekaa kitandani, mdogo kuliko nilivyomzoea. Macho yote mawili yana mtoto wa jicho, meupe. Toka chai ile, na mimi nesi wa macho sikuona! Akirudishwa Ujerumani, anasema, watamkalisha kwenye kiti cha bustani hadi afe. Hapa hakuna mwingine wa kumpasua.

"Anza na la kushoto," kasema. "Hilo ni lako, kama siku zote."

Kama siku zote! Chumba hakina mtu mwingine wa kusikia.

Nikatoa karatasi. Nimeandika mistari mitatu: kwamba yeye ndiye aliyenifundisha, kwamba macho yale ya kushoto ni kazi yangu, kwamba aliidanganya kamati. Nimemsomea neno kwa neno. Nikamwekea kalamu mkononi.

Akaipapasa karatasi. "Nitasaini baadaye, Sista. Kwanza nione ninachosaini. Jumatatu bandeji ikitoka, nasaini."

Jumatatu. Mwaka jana ilikuwa Jumamosi, sasa ni Jumatatu.

Nimempa matone. Mboni inahitaji nusu saa kufunguka, na nusu saa hiyo ndiyo ninayoandikia hapa, mlangoni. Vyombo vimeshachemka. Karatasi iko magotini pake, mahali pa sahihi ni peupe. Amelaza kichwa tayari, kalamu bado anayo. Mikono yangu imetulia kabisa, na hilo linanitia hasira zaidi.

Ananiita. "Hajara? Uko wapi?"

Nakwenda kunawa. Bismillahi bado sijaisema, na bila hiyo sijawahi kukata.