Nekesa Alivyorudi Kimilili

S.L.P. 218,
Kitengela.
21 Machi 2005

Mpendwa kaka Wasike,

Pokea salamu zetu za Kitengela. Natumaini wewe, wifi Adero na watoto mko na afya huko Francistown, na kwamba kile kifua kilichokusumbua Desemba kimepoa. Sisi tuko wazima. Mvua iligusa Kajiado mara moja ikaenda zake, na vumbi limeturudia mpaka ndani ya sukari.

Nimechelewa kuandika kwa sababu habari niliyo nayo ni ya dada yako Beverlyne, na nilitaka kwanza nijue atafikia wapi. Haumwi, kwa hivyo usishtuke. Keti tu usome polepole.

Unakumbuka alipokuja huku kushona nguo za kuuza ng'ambo kwenye kiwanda kule EPZ, binti yake Nekesa alikuwa bado ananyonya. Walikuwa na chumba kimoja kwenye ploti ya mzee Saning'o, nyuma ya kwetu. Alitoka alfajiri akarudi giza limeingia, na kazi ikizidi hata Jumapili anaitwa. Wasichana wa kulea mtoto walikuja wakaenda. Nekesa alipoanza kukonda, akampeleka kwa mama yenu Kimilili. Beverlyne alirudi hapa matiti yamejaa maziwa, akawa anayakamua kwenye beseni huku akilia. Mimi ndiye niliyemchemshia maji ya kujikanda.

Mwaka jana ofisi yetu ilinipa utafiti kuhusu wanawake wa viwanda hivyo: wanakula nini, wanalala wapi, watoto wao wako na nani. Nilianza na Beverlyne ili nijaribu maswali. Nikamuuliza anaishi na watoto wangapi.

"Mmoja," akasema.

Nikamweleza kwamba swali ni la wanaolala humo chumbani.

"Nimekuelewa, Immaculate. Andika mmoja."

Nikaandika. Baadaye nilisikia jibu hilo Kitengela nzima, kwa wanawake ambao vyumba vyao havikuwa na hata kiatu cha mtoto. Sisi wachumi husema familia imepunguza gharama kwa kumpeleka mtoto kwa nyanya yake. Ni kweli, imepunguza. Lakini kile kinachomtoka mama siku hiyo sijui nikiite nini, na vitabu vyote nilivyosomea havikunifundisha kukipima.

Januari kiwanda kilifungwa. Wenye mali walisema soko la ng'ambo limeharibika. Wengi walilia pale langoni, lakini Beverlyne alikuja kwangu anacheka. Alikuwa amepatana na Waceke, jirani anayeuza mitumba, wauze pamoja, na mtoto acheze hapo hapo kibandani. Akapaka chumba rangi, kisha akaenda Kimilili kumchukua Nekesa.

Kaka, mtoto hakumjua. Alikuwa amemwona Krismasi tu, tena kwa siku chache. Hapa aliamka kila asubuhi akimtafuta kukhu, nyanya yake, mlangoni. Uji hanywi, akiogeshwa anajikaza. Akianguka anakimbilia kwangu, kwa Waceke, hata kwa mzee Saning'o ambaye hamjui, lakini kwa mamake haendi. Nilimwambia Beverlyne ampe muda. Akanijibu kwamba mtoto anakonda tena, na safari hii anayemkondesha ni yeye.

Basi akaamua kumrudisha, nami nikasafiri nao. Tulipoingia njia ya nyumbani, Nekesa akamwona nyanya yake uani akipeta maharagwe. Akauchomoa mkono wake kwa mamake, akakimbia huku akicheka. Muda wote aliokaa Kitengela hatukuwa tumesikia kicheko chake. Mama yenu akamwambia arudi amsalimie mama. Mtoto akaja, akainamisha kichwa, akanyoosha mkono kama anavyofundishwa kumsalimu mgeni.

"Habari, anti."

"Nzuri," Beverlyne akasema, akaupokea ule mkono. Kisha akaenda nyuma ya jikoni, na mama yenu akanizuia nisimfuate.

Majuma mawili yaliyopita nilisoma ripoti yangu mbele ya wakubwa mjini Kajiado. Nilipofika sehemu ya watoto sauti ilinikatika, ikabidi mkubwa wangu, Bwana Maweu, anisomee mpaka mwisho. Watu wakapiga makofi, wakaenda kunywa chai. Mimi nilitoka nikakaa peke yangu ndani ya gari.

Sasa Beverlyne amehama. Jumamosi alimwachia Waceke kibanda, akafunga vitu vyake, akapanda basi la kwenda nyumbani. Atalima na mama yenu, na atawashonea watu nguo. Nilipomsindikiza stendi nilimuuliza atafanya nini mtoto akiendelea kumkataa.

"Nitakaa hapo hapo aliko," akasema. "Hata akiniita anti, nitaitika."

Kaka, mwandikie. Usimpe mashauri, mwandikie tu kama dada yako.

Mume wangu Wangila anakusalimu sana, na Waceke pia. Msalimie wifi Adero na uwabusu watoto. Mungu awafunike huko ugenini, na siku mkipata likizo awafungulie njia ya Kimilili.

Ni mimi dadako wa ukoo anayekupenda,

Immaculate Nafula