Kitela cha Gari la Mzee Wekesa

Jumatatu, 4 Agosti
Kuanzia Kaloleni hadi Lucky Summer hakuna anayejua magari kunishinda. Gari likikohoa tu, nakuambia hata dereva alikunywa chai ya nini. Shule niliachia darasa la saba. Hasara ilikuwa ya shule.

Leo nikiwa chini ya pikapu ya Fundi Barasa, Mzee Wekesa kaingia karakana. Jirani yetu, mstaafu wa reli. Amekonda. Figo. Hospitali wamemwambia akapumzike nyumbani Bungoma, na sote tunajua maana yake. Anataka kitu kimoja: aingie lango lake akiwa ameshika usukani wa gari lake. Miaka arobaini Nairobi, hataki kurudishwa kama mzigo.

Rejeta ya gari lake inavuja. Safari yote haliwezi. Tutalivuta hadi soko la kwao, tulishushe, amalizie mwenyewe.

Kitela, kile kitoroli cha kuvutia gari, nichague mimi. Fundi amesema. Nani mwingine?

Jumatano, 6 Agosti
Lucky Summer, kwa mwenye vitela. Viko vitatu. Kikubwa kinabeba gari zima, pikapu yetu ingelia kule milimani. Kidogo hakina breki, mikanda imechakaa, na ndicho jamaa alikuwa anasifu. Nikatoa kamba niliyopimia gari la Mzee.

"Kijana, wewe ni fundi cherehani?"

"Nakupimia jeneza, buda."

Tukacheka. Halafu nikamkumbuka Mzee. Nikakunja kamba.

Nimechukua cha katikati. Kina breki zake, upana sawa kabisa. Magurudumu ya mbele yanakaa juu, ya nyuma yanatembea barabarani.

Fundi akakizunguka mara mbili. "Umechagua poa, injinia. Sasa fungua propela, hicho chuma kirefu cha kwenda nyuma. Gari ni otomatiki. Magurudumu ya nyuma yakizunguka njia nzima injini ikiwa imezimwa, giaboksi itaungua."

Kama sijui.

Alhamisi, 7 Agosti
Nati nne za propela. Kutu tupu. Nimegonga ya kwanza, haikutikisika. Nje mtaa mzima umekuja kuona gari la Mzee likiondoka. Nikatoka chini, nikalipiga polishi mpaka unajiona meno. Wakanipigia makofi. Mzee alisimama mlangoni na fimbo yake, akitabasamu. Alinifunza kuendesha kwa gari hili.

Ijumaa, 8 Agosti
Alfajiri Fundi aliuliza kama propela iko tayari. Nikamwambia, "Fundi, niulize kitu kigumu."

Kitela hakikuyumba hata mara moja. Karibu na Eldoret kulinuka mafuta yaliyoungua. Nikasema ni breki za pikapu.

Sokoni tukalishusha. Mzee alivaa koti na tai. Injini ikawaka mara ya kwanza, watu wakashangilia. Akaweka gia. Ikanguruma. Gari halikusonga. Akaweka tena. Hakuna.

Fundi hakuangalia gari. Aliniangalia mimi.

Vijana wa soko wakalisukuma. Nami nilisukuma, kichwa chini. Mzee alishika usukani kwa mikono miwili, macho mbele, mpaka ndani ya lango. Wanawake wakapiga vigelegele. Hakupunga mkono.

Aliposhuka alinishika bega. "Limechoka kama mimi, kijana wangu. Si makosa ya mtu."

Jumapili, 10 Agosti
Nimerudisha kitela. Hakina hata mkwaruzo. Mwenyewe kasema najua kuchagua.

Fundi hajaniuliza chochote tangu Bungoma. Haniiti injinia. Leo nilipata spana ya zile nati juu ya benchi yangu, imefutwa vizuri.

Kitela kilikuwa sawa. Propela sikufungua. Fundi aliuliza, nikamfanya aamini nimefungua.