Nilichokisikia Nyuma ya Migomba

Mama Gwakisa,

Ni mimi mumeo, naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Ulikuwa ukizicheka herufi zangu, unasema zimelala kama mahindi yaliyopigwa na mvua ya mawe. Leo zimesimama. Hapa Nkunga hakuna mzee wa rika langu anayeandika hivi, anayebisha aje.

Mkweo Tupokigwe, mke wa Gwakisa, ameshitakiwa. Alisimama kwenye mkutano wa kijiji akasema karani wa mizani ya chai anawataka wanawake kimwili, na anayekataa anapunjwa kilo. Karani kakimbilia mahakamani Tukuyu, eti kachafuliwa jina. Anataka alipwe, na mkweo amwombe radhi mbele ya watu walewale. Wanawake waliompigia makofi sasa mabubu, wanaogopa zamu yao. Na mwanao Gwakisa ananiambia, "Baba, aombe radhi yaishe, tutapoteza shamba." Nimemwambia woga huo hakuutoa kwangu.

Wakili anasema neno la kweli si kashfa, ila aliyelisema lazima alithibitishe. Shahidi yuko wapi?

Shahidi ni mimi.

Wewe unajua, kwetu mkwe na baba mkwe hawakutani uso kwa uso. Tangu aolewe, nikimwona anakuja naacha njia. Vijana wananicheka, "Mzee, hayo ya zamani." Siku moja pale kwenye mizani nilimwona anakuja na gunia lake, nikajibanza nyuma ya migomba, mtu mrefu kama mimi, magoti nimeyakunja. Ndipo nikamsikia karani: "Majani yako yana maji. Ukija kwangu jioni yatakauka."

Tupokigwe akamjibu, "Yapime hivyo hivyo."

Nikasema moyoni, kweli huyu ulimchagua wewe.

Wazee wenzangu wananizuia. Wanasema sitasimama chumba kimoja na mkwe nikatamka maneno ya namna ile. Nimewajibu: mila ndiyo iliyonificha pale nikasikia, leo haitanifunga mdomo. Wakachukua fimbo zao wakaondoka. Mimi nikisema nimesema, unanijua.

Jumatatu nakwenda. Koti langu nimelitoa kwenye sanduku lako, halijafunguliwa tangu tukuzike. Bado lina harufu ya... basi. Nimelianika.

Lala salama, mama. Ndaga fijo, asante sana kwa yote. Nakuahidi mkweo sitamtazama hata mara moja, heshima yake iko palepale.

Nitamtazama karani.

Mumeo